Nilibofya "Weka Jipya", Mzee Akadhani Amepofuka

Mpendwa mshauri,

Nahitaji msaada wako na sijui niuombe vipi bila kujivunjia heshima, kwa hiyo nitaeleza kila kitu kwa mpangilio kama kilivyotokea, na ukiona humu kuna jambo linaloweza kunitambulisha tafadhali lifute, maana nimeisoma barua hii mara nne kabla ya kuituma na bado sina hakika.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi inayochora na kuhifadhi ramani za viwanja. Nina miaka ishirini na minne, nina stashahada ya kuchora ramani, lakini nilipoajiriwa nafasi ya kuchora haikuwepo, nikapewa kazi ya kupokea mafaili, kuyapiga mhuri, kuyaandika kwenye daftari na kuyarudisha rafuni. Niko katika miezi sita ya majaribio na umebaki mwezi mmoja na nusu. Sijawahi kuchelewa kazini wala kupoteza faili. Sisemi haya kwa kujisifu, nataka tu ujue kwamba nililofanya sikulifanya kwa uzembe, nililifanya kwa uangalifu, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Fundi wetu wa kompyuta, mwanamke mpole asiyependa kurudia maneno, alikwenda likizo ya uzazi. Kabla hajaondoka aliniita akaniambia, "Humu ndani wewe ndiye unayesoma maelekezo mpaka mwisho, hawa wengine wanabofya tu," akaniachia karatasi aliyoiandika kwa mkono, kwamba siku kitakapofika kifurushi kipya cha draiva ya michoro, yaani kile kiprogramu kinachoiambia skrini ionyeshe rangi gani na kwa ukubwa gani, nikiweke katika kompyuta zote ishirini na tatu badala ya kile cha zamani, na chini kabisa akaongeza: "Kompyuta ikikuuliza swali, usijibu. Nipigie."

Kifurushi kilifika siku ya Ijumaa. Nikangoja saa ya chakula cha mchana, watu walipotoka nikaanza kwenda mashine baada ya mashine na karatasi yangu mkononi, na kompyuta ishirini na mbili zikakipokea bila neno. Ya ishirini na tatu, iliyo katika chumba cha pembeni, ikasimama katikati ya kazi na kuniuliza swali ambalo kwa lugha yetu ni kama hivi: faili la mpangilio katika kompyuta hii limebadilishwa na mtumiaji, je, tulibakize lililopo, au tuweke jipya lililokuja na kifurushi?

Nikampigia fundi. Akapokea, nikasikia mtoto analia na yeye mwenyewe akisema "haloo, haloo" kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, nikaona haya, nikakata. Kisha nikamtumia ujumbe kwamba samahani, nimekosea namba. Nikalisoma lile swali tena, na masjalani, mshauri, jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba hati iliyobadilishwa bila sahihi pembeni ni hati batili, haipigwi mhuri, inarudishwa ilikotoka, na mimi nikaona hapa kuna faili lililochezewa na mtu, na hapa kuna jipya, safi, halijaguswa, nikabofya "weka jipya", na nakiri kwamba nilisikia raha kidogo, kama mtu aliyenyoosha kitanda. Watu waliporudi kutoka kula, kazi ilikuwa imekwisha, na bosi akanisifu mbele ya wote.

Kompyuta ile ni ya mchoraji mmoja mtu mzima ambaye ofisi nzima inamwita Mzee Mipaka, kwa sababu hakuna ugomvi wa kiwanja asioujua ulianzia kwenye jiwe gani. Skrini yake imeupa mlango mgongo na hapendi mtu asimame nyuma yake, kwa hiyo hakuna aliyejua inaonekanaje. Tulichojua ni matokeo, na hayo nayajua mimi kuliko wote, kwa kuwa ramani yenye kosa hurudi kupitia daftari langu. Nimeyafunua madaftari ya miaka tisa. Hakuna hata ramani moja iliyorudi yenye sahihi yake.

Jumatatu asubuhi nilimpelekea mafaili nikamkuta amevua miwani anaifuta kwa ncha ya shati. Akaivaa, akaisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akaivua tena.

"Kijana," akaniuliza, "hizi taa za humu zimebadilishwa?"

"Hapana, mzee. Ni zile zile."

"Na dirishani hawajaweka kioo kingine?"

"Hapana, mzee."

"Haya. Ahsante."

Mshauri, sikusema uongo. Taa ni zile zile. Lakini pale pale nililikumbuka lile swali, nikajua, na nikatoka nikiwa nimejua. Nikiwa bado nje ya mlango nikamsikia anamwita mchoraji mwenzake, kijana mwenye maneno mengi tunayemwita Kifutio kwa kuwa anafuta kuliko anavyochora.

"Hebu njoo. Mstari huu unauonaje?"

"Mwekundu, mzee."

"Na huu?"

"Wa kijani. Mzee, unanipima akili?"

"Na hapa inapokutana, unaweza kuitenganisha?"

"Hata nikiwa juu ya pikipiki." Kifutio akacheka. "Mzee, huo ni uzee unabisha hodi. Mfungulie tu mgeni, usimweke mlangoni."

Mzee hakucheka. Nilipoingia kuchukua mafaili mchana, aliniambia bila kunitazama kwamba mama yake mzazi alianza hivyo hivyo, asubuhi moja tu, na baada ya mwaka alikuwa anashikwa mkono kwenda uani.

Siku iliyofuata alipotoka kwenda kununua dawa ya matone, niliingia kwenye kompyuta yake. Faili la zamani halikufutwa, mshauri. Kifurushi kilikuwa kimeliweka pembeni, kwa jina lile lile lililoongezewa mkia wa herufi chache. Nikalifungua, na ndani fundi alikuwa ameandika maelezo mafupi na tarehe mbele ya kila badiliko: "Nyekundu iongezwe, mzee anasema imepauka." "Kila kitu kikuzwe kwa robo." "Mstari wa maji na wa mpaka inamchanganya, nimeisogeza kijani iwe karibu na buluu." "Weupe upunguzwe, macho yanamtoka machozi." "Ameomba bosi asijue. Mimi sijui kitu." Maelezo kumi na moja katika miaka tisa. Nilisikia kama nimefungua cheti cha mgonjwa wa watu. Nikalifunga, nikarudi masjalani, sikufanya lolote.

Leo ni wiki ya tatu. Ramani zake tatu zimerudishwa, na moja mstari wa bomba la maji ulikuwa umepita katikati ya nyumba ya mtu. Kila siku saa nne ananiita nimsomee namba zilizo kwenye skrini, na nikimaliza ananiambia, "Mungu akubariki, mwanangu, wewe ndiye macho yangu sasa." Amepata siku ya kuonana na daktari wa macho, mwisho wa mwezi huu, na amekwisha kumweleza nesi kwamba macho yalizimika kati ya Ijumaa na Jumatatu, na nesi kashituka, kamwambia huenda ikabidi apasuliwe haraka. Na Jumanne hii alinikabidhi bahasha, ni barua ya kuomba kustaafu mapema, nimwekee bosi mezani akirudi safari, na bosi anarudi wiki ijayo. Bahasha iko kwenye droo yangu chini ya mihuri. Bosi mwenyewe, kabla hajasafiri, aliniambia kwamba mzee akiondoka kile kiti kitahitaji kijana mwenye macho na cheti, na mimi cheti ninacho, lakini naapa siyo sababu ya kunyamaza kwangu, sababu ni hofu tu, maana nikisema nilikiuka karatasi ya fundi na nikapokea sifa za bosi juu yake, miezi ya majaribio itaishia hapo.

Nilimweleza dada yangu mkubwa, ambaye naishi kwake, yeye ni fundi cherehani. Hakuinua hata mguu kutoka kwenye cherehani. "Kwani umemtoboa macho?" akasema. "Si yamejiharibikia yenyewe? Tena umesema miaka tisa. Nyamaza ule mkate wako, mzee wa watu akapumzike kwake."

"Dada, anadhani anakuwa kipofu."

"Na wewe unadhani ukikosa kazi utakula nini? Karatasi ya fundi?"

Nimefikiria njia moja na ndiyo ninayotaka unithibitishie. Siku moja akitoka, nilirudishe lile faili la zamani kimya kimya, aje akute anaona kama mwanzo, afurahi, aichukue barua yake mwenyewe, asiende kwa daktari, na mambo yaishe bila mtu kuumia. Je, si vyema hivyo? Nijibu upesi, nakuomba, usingizi sina.

Ni mimi,
Karani wa masjala

*

Karani mwangalifu,

Barua yako nimeirusha juu ya nyingine ishirini zilizotangulia, kwa sababu wenye zile wanaweza kungoja na huyo mzee hawezi. Ningekupigia simu siku hiyo hiyo, lakini hukuacha namba. Umejificha vizuri kiasi kwamba hata anayetaka kukuokoa hakuoni. Hongera.

Kwa kubofya vibaya nakuhurumia, lakini kwa dakika moja tu, basi ihesabu. Kubofya hubofya kila mtu. Mimi mwenyewe nimewahi kufuta picha za harusi ya binti yangu nikidhani nazipunguza uzito. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wewe si wa kwanza kukumbatia kidonda. Ila nimemwonyesha barua yako fundi wa kompyuta wa gazeti hili, akaisoma, akakuna kichwa, akaniambia jambo ambalo wewe na stashahada yako hamkulishika. Mashine ishirini na mbili hazikukuuliza kitu kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyezirekebisha. Moja ilikuuliza kwa kuwa ndani yake mlikuwa na mtu. Ilisimama, ikabisha hodi, ikasema humu kuna kazi ya mwenyewe, nifanyeje? Chuma kilikuwa na adabu, msomi akaingia na viatu vyenye tope. Na karatasi ulikuwa nayo mkononi! "Usijibu. Nipigie." Mtoto wa darasa la pili angeielewa. Ukapiga, mwenye simu akapokea, ukakata, ukamwomba radhi kwa kukosea namba. Namba ilikuwa sahihi. Ndicho kitu pekee ulichopatia siku ile.

Dakika imekwisha.

Unaniambia hukusema uongo kwa kuwa taa ni zile zile. Mwanangu, mtu anayezama akikuuliza kama maji haya yana kina, humjibu kwamba wewe si mpimaji wa maji. Mzee hakuwa anafanya ukaguzi wa taa. Alikuwa anakuuliza kama ni yeye au ni kitu kingine, na alikuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeingia na mafaili. Ulikuwa na jibu. Ukalimeza, ukamgawia ukweli wa balbu. Tangu hapo unakwenda kila siku saa nne kumsomea namba na kupokea baraka zake. Yaani unamwibia mtu fimbo, halafu unamshika mkono barabarani, na anapokushukuru unainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hizo baraka usizipokee tena hata moja. Si zako.

Na kiti. Ulikitaja kwa haraka, katikati ya sentensi ndefu kama treni, ukadhani nitaipungia mkono tu ipite. Nimekiona. Sisemi kwamba ulibofya ili ukipate, huna ujanja huo. Nasema kwamba sasa kila siku unayonyamaza inakisogeza kile kiti karibu na makalio yako, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana uliapa bila kuulizwa. Na bosi wako, anayesema anataka kijana mwenye macho, mwambie kwa niaba yangu kwamba yule "asiye na macho" amechora miaka tisa bila kosa, na kijana mwenye macho alisoma mstari mmoja kwenye skrini akashindwa kuuona.

Dada yako anakupenda, na ushauri wake ni wa mtu anayefunika sufuria iliyoungua akidhani harufu itakaa ndani. Umwambie hivyo kwa heshima, na umshukuru kwa chakula. Kifutio simshauri kitu. Namwachia miaka, itamfundisha bila ada.

Nije kwenye njia yako, hiyo unayotaka niithibitishie. Nimeikataa, na imenikasirisha kuliko kubofya, kwa sababu imevaa nguo za wema. Unataka kulirudisha faili kimya kimya, mzee aamke siku moja aone. Umefikiri atafurahi. Atafurahi asubuhi moja. Jioni yake ataanza kujiuliza kwa nini macho yalikwenda na kwa nini yamerudi, na kama yalikwenda mara moja bila taarifa, basi yatakwenda tena. Kila Jumatatu atakishika kile kitasa cha mlango akisali. Hutakuwa umemrudishia macho. Utakuwa umempa ugonjwa usio na jina, wa kumtesa mpaka anakufa, ili wewe uthibitishwe kazini. Kisha siku kitakapokuja kifurushi kingine, na kitakuja, yatatokea yale yale, na safari hiyo huenda karani awe mwingine, asijue hata pa kuanzia.

Tena hukuwaza habari ya daktari. Daktari hutibu kile alichoambiwa. Aliyeambiwa kwamba macho yalififia polepole kwa miaka tisa atatafuta jambo moja, na aliyeambiwa kwamba yalizimika kati ya Ijumaa na Jumatatu atatafuta jingine, na wewe umekwisha kusikia neno kupasua likitajwa. Kisu kikipita kwenye jicho la mtu kwa sababu ya historia uliyoitunga wewe kwa kunyamaza, hakuna mhuri masjalani kwenu utakaokifuta.

Wala usidhani nasema mzee ana macho ya kijana. Hana. Lile faili linakwambia kwamba yamekuwa yakififia kidogo kidogo, na kwamba yeye na yule fundi walikuwa wakiyafuata hatua kwa hatua, kwa akili na kwa siri, na kazi ikaendelea kutoka sahihi. Kwa daktari lazima aende. Ila aende na ukweli. Na siri aliyoomba bosi asiijue umeisoma bila ruhusa yake, basi isitoke kinywani mwako. Kama itasemwa, ataisema mwenyewe.

Sasa sikiliza utakachofanya, na usinitumie barua nyingine kuniuliza kama unaweza kukifanya kesho kutwa.

Leo, kabla ya kugusa kitu chochote, linakili lile faili la zamani mara mbili, moja kwenye flashi na moja mahali pengine penye usalama. Usilibandike juu ya jipya kwa pupa. Fundi wetu anasema kifurushi kipya huenda kisiielewe baadhi ya mistari ya zamani, na kinachotakiwa ni kuyaweka mafaili mawili ubavu kwa ubavu na kuyahamisha yale mabadiliko kumi na moja moja baada ya jingine, kila moja likijaribiwa mzee mwenyewe akiwa amekaa hapo. Hiyo ni kazi ya fundi wenu. Mpigie. Mtoto akilia, ngoja anyamazishwe. Watoto hulia, dunia haijawahi kusimama kwa hilo. Mwambie ulichofanya kwa sentensi tatu, bila kujitetea, kisha andika anayokwambia.

Na siku zote zijazo, kifurushi chochote kinachochukua nafasi ya kingine, kwanza pita kwa kila mtu umuulize amerekebisha nini kwenye skrini yake, nakili, ndipo uanze. Mashine ikiuliza kama ibakize kilichopo, bakiza. Jipya halikimbii, unaweza kulitazama baadaye. La mtu likipotea, huwa limepotea pamoja na miaka yake. Na hiyo kanuni yenu ya hati iliyobadilishwa, ibakize masjalani. Hata huko, nikukumbushe, hati yenye shaka karani hairarui. Huirudisha kwa mwenyewe na kumuuliza.

Ramani tatu zilizorudi, nenda nazo kwa mzee azichore upya skrini ikishatengenezwa, na hilo bomba litolewe kwenye nyumba ya watu kabla mwenye nyumba hajaletewa mchimbaji. Kwa bosi, andika barua yako mwenyewe, ukurasa mmoja, useme kwamba uliweka kifurushi kinyume cha maelekezo, ukaharibu mpangilio wa kompyuta ya mchoraji, na makosa ya ramani tatu yametokana na hilo. Macho ya mtu usiyataje. Rudisha na zile sifa alizokupa. Huenda ukafukuzwa. Sitakudanganya kama dada yako, huenda kweli. Wapo mabosi wa namna hiyo, na ukiangukia kwa mmoja wao utatafuta kazi nyingine ukiwa mtu anayeweza kulala. Lakini ukithibitishwa kwa kunyamaza, kila atakapokuwepo mtu wa kukuita mwangalifu, wewe utajua unachokijua.

Hayo yote yatangulizwe na jambo moja, na usilifanye la mwisho kwa kuwa ndilo unaloliogopa. Itoe ile bahasha chini ya mihuri. Ingia chumba cha pembeni, funga mlango, mpe mkononi mwake. Usimshawishi aichane wala aiwasilishe. Ni uzee wake, ataupangia mwenyewe, lakini aupange akiwa anajua. Usianze kwa kulia, maana ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza, na amekwisha kukubembeleza vya kutosha. Mwambie hivi: "Mzee, macho yako hayakuzimika Jumatatu ile. Mimi ndiye niliyeibadilisha skrini yako, na nimejua wiki tatu." Kisha funga mdomo.

Akikufokea, simama. Akinyamaza, simama vile vile, hata akinyamaza mpaka miguu ikuume. Usitoke mpaka yeye mwenyewe akuambie, nenda.